Kituo Kinachofuata

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Changu nilikuwa nakila mimi,
nacho kilikuwa nguoni kweli:
pakiti tatu za biskuti za chokoleti
ndani ya mashine ya kufulia,
chini ya shati la kazi na soksi za Kalina,
kwani nani hupekua nguo chafu?

Nilizificha mimi, nikaziiba mimi.
Saa saba za usiku nanyata kwenye korido ya nyumba yangu
kama mpangaji anayedaiwa kodi,
naufungua ule mlango kidogo kidogo, usilie,
nakula nimesimama, taa zimezimwa,
maana kinacholiwa gizani tena wima
nilishakikatia hukumu kwamba hakina uzito.

Mizani ya bafuni
haikuhudhuria kesi hiyo.

Na Jumatatu zangu!
Jumatatu ya baada ya Pasaka,
Jumatatu ya baada ya harusi ya Ludwik,
Jumatatu ya kwanza baada ya mafua.
Kila Jumapili nilikula kama mtu anayehama nchi.
Kilo mbili zikishuka, nilizipongeza kwa keki.
Zikirudi, nilijipa pole kwa keki ileile.
Nikiteleza kwa kipande kimoja nilisema,
maji yameshamwagika,
kisha nikaupasua na mtungi.

Mwezi wa kumi na moja Kalina, kwa huruma tu,
alifua bila kuambiwa, nyuzijoto sitini.
Mashati yangu sita ya sare yakatoka
na ramani za kahawia mgongoni.
Hakuuliza kitu. Aliketi sakafuni
akiokota karatasi za dhahabu kwenye chujio,
moja moja, akizinyoosha juu ya goti.
"Mama, ungeziweka tu kabatini."
Heri angenifokea.

Mwaka wa kumi na tisa huu naendesha tramu hapa Łódź.
Januari, asubuhi moja, ukungu mzito kama uji,
nikakipitiliza kituo cha hospitali.
Bibi mwenye mkongojo akagonga kioo cha nyuma yangu.
Tramu hairudi kinyumenyume.
Niliomba radhi kwenye kipaza sauti,
nikafungua milango kituo kinachofuata,
bibi akashuka akiitukana kampuni na mama yangu,
tukaendelea.

Kidole kingali kwenye kitufe, nikajiuliza:
mbona sikusema, basi, safari imeshaharibika?
Mbona sikuwabeba abiria wote hadi mwisho wa reli,
vituo kumi na saba bila kusimama,
wajawazito, wanafunzi, padri na mfuko wake wa vitunguu,
nikawaahidi breki Jumatatu?

Nilicheka. Padri akanitazama.

Siwezi kusema niliokoka siku hiyo.
Ilipofika Alhamisi ya Mafuta,
siku mji mzima unapojaza donati tumboni kabla ya Kwaresma,
Zenobia wa ofisi ya zamu alileta trei mbili.
Nilikula moja nimeketi, dirishani, mchana kweupe,
jamu ya waridi ikinichuruzika kidevuni.
Ya pili sikuipanga. Niliila.
Nikaisikia ile sauti ya zamani, tamu, ya kirafiki:
mtungi uko wapi?
Nikanawa mikono.
Jioni nikapika supu ya bitiruti kama nilivyokuwa nimekusudia,
bakuli moja, na mkate wa shayiri,
mikono ikitetemeka kidogo, sijui kwa nini.

Mizani inapanda, inashuka, inanung'unika kama yule bibi.
Nimeacha kuibembeleza.

Biskuti ziko kabatini, rafu ya katikati.
Bawaba za mlango wake zina kutu,
na Kalina ameniletea kichupa cha mafuta mara mbili.
Sijazipaka.
Usiku mwingine naufungua.
Unalia, nyumba nzima inasikia.
Nawasha taa. Navuta kiti.